Watu wa Mpanda na Asili Zao

Mtu akiuliza katika mji wa Tabora kuwa wenyeji wa hapa ni nani, hujibiwa mara moja kuwa ni Wanyamwezi. Akiuliza Sumbawanga huambiwa Wafipa, na akiuliza Bukoba huambiwa Wahaya. Akiuliza Mpanda hapati jibu la neno moja. Mmoja atasema Wabende, wa pili atasema Wakonongo, wa tatu atasema Wapimbwe, na wa nne atacheka na kusema kuwa mji huu hauna mwenyewe. Majibu yote manne yana haki yake, na hilo la nne, ambalo hutolewa kwa mzaha, ndilo lenye historia ndefu kuliko mengine.

Sikuanza kulichungua jambo hili kwa hamu ya historia, bali kwa aibu. Katika darasa langu la isimu nilikuwa na desturi ya kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza lugha waliyoisema bibi zao, ili tuandike ubaoni majina ya lugha na kuzipanga kwa ujamaa wao. Ni zoezi jepesi, na kwa kawaida huleta kicheko na utani. Mwaka mmoja kijana mmoja alisita, kisha akasema, “Mimi ni mtu wa Mpanda, mwalimu.” Nikamwambia kuwa Mpanda si lugha. Akatabasamu asinijibu. Kipindi kilipokwisha alinifuata nje, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba bibi yake alisema Kirundi, na kwamba yeye amezaliwa Katumba. Niliona haya. Kwangu lilikuwa swali la darasani. Kwake lilikuwa swali ambalo wazee wake waliulizwa na maofisa kwa miaka zaidi ya 40, na jibu lake liliweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Basi na tuanze na nchi yenyewe. Mpanda yakaa katika nchi ya miombo baina ya mto Ugalla upande wa kaskazini na Bonde la Rukwa upande wa kusini. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, na mashariki ni njia ya Inyonga kuelekea Unyamwezi. Wabende ni watu wa upande wa ziwa na milima yake, nao ni ndugu wa karibu wa Watongwe wa Kigoma. Wapimbwe ni watu wa ncha ya kaskazini ya Bonde la Rukwa, huko Usevya, Mamba na Kibaoni. Wakonongo wako Inyonga na viunga vyake, na Warungwa ni majirani wa Wapimbwe. Tena wapo Waholoholo wa pwani ya ziwa, ambao ndugu zao wako ng'ambo, katika Kongo.

Malcolm Guthrie alipogawa lugha za Kibantu katika kanda mwaka 1948, alizipa kanda hizo herufi. Kitongwe na Kibende aliviweka katika kanda F, pamoja na Kinyamwezi na Kisukuma. Kipimbwe na Kirungwa vilikwenda kanda M, pamoja na Kifipa. Kiholoholo kikaingia kanda D, pamoja na lugha za Kongo. Wanafunzi hupenda kuzishika herufi hizi kama mipaka ya falme, na kila mwaka hunibidi kuwakumbusha kuwa Guthrie alizitumia kwa upangaji, na kwamba ukaribu wa mahali ulimwongoza sawasawa na ukaribu wa maneno. Walakini jambo moja ladhihirika: herufi tatu zinakutana katika mkoa mmoja wenye watu wachache. Nchi hii ilikuwa njia panda kabla haijajengwa nyumba hata moja ya mji wa leo.

Uchache wa watu una sababu. Miombo ni makao ya mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hawakai. Palipokosa ng'ombe hapakuwa na mbolea ya shamba wala mahari ya mifugo, na watu waliishi kwa kilimo cha kuhamahama, uwindaji, uvuvi na asali. Utawala ulikuwa wa machifu wadogo wadogo, wala hapakutokea dola moja la kuwaweka wote chini ya jina moja. Hapa ndipo mizizi ya lile jibu la nne ilipo. Tabora ina jina moja kwa kuwa Unyamwezi ulikuwa na watu wengi na machifu wenye nguvu, walioteka hata masikio ya wageni. Mpanda haikuwa na kitu cha namna hiyo.

Wageni walipita. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, aliikwepa vita ya Mirambo kwa kuzunguka kusini kupitia Ukonongo na nchi aliyoiita Ukawendi, ambayo ndiyo ya Wabende. Mwaka 1872 yeye na Livingstone walirudi Unyanyembe kwa njia ya nchi hiyo hiyo. Msafara wa namna hiyo ulikuwa mji unaotembea: wapagazi Wanyamwezi, waungwana wa Unguja na Bagamoyo, wapishi, askari, wanawake na watoto, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Basi Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupita katika miombo ya Mpanda karibu miaka 80 kabla ya reli.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alijenga kituo Karema, kando ya ziwa, kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka huo huo tembo wanne waliofundishwa kazi waliletwa kutoka Bara Hindi pamoja na waongozaji wao Wahindi, wakashushwa pwani karibu na Dar es Salaam, ili ijaribiwe kama tembo waweza kuchukua mahali pa wapagazi. Kiongozi wa safari alikuwa Mwingereza Carter. Tembo walikufa mmoja baada ya mmoja, na mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Carter mwenyewe, pamoja na mwenzake Cadenhead, waliuawa Mpimbwe mwezi wa Juni 1880, walipokutwa katika mapigano ya majeshi ya Mirambo na Simba dhidi ya kijiji hicho. Nalitaja tukio hili kwa sababu laonyesha ni watu wa namna gani waliokuwa wakikutana katika nchi iliyosemwa kuwa ni pori tupu: Wapimbwe, Wanyamwezi, Waingereza, Wahindi wa tembo, na askari wa pwani, wote katika siku moja na kijiji kimoja.

Mwaka 1885 kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa mapadre Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita White Fathers. Hawa walikuwa na desturi ya kuwakomboa watoto kutoka kwa misafara ya watumwa iliyotoka Kongo na kuwalea misheni. Kwa hiyo Wakristo wa kwanza wa Karema hawakuwa watu wa kabila moja. Walikuwa watoto waliopoteza kabila zao njiani, wakapewa majina ya ubatizo, wakakua wakisema Kiswahili na Kibende, wakaoana wao kwa wao na wenyeji. Atakayetafuta damu safi ya kabila kandokando ya ziwa ajue kuwa amechelewa zaidi ya karne moja.

Katika watu wa Karema yupo mmoja asiyeweza kurukwa. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, upande wa Timbuktu, mnamo mwaka 1866. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa Sahara, akakombolewa na mapadre, akasomeshwa Algeria na kisha Malta, ambako alijifunza uganga wa kizungu. Alifika Karema katika miaka ya mwisho ya 1880 akiwa katekista na daktari, na hapo akakaa mpaka alipokufa mwaka 1956. Alioa mwanamke wa huko huko, na mwanawe Joseph akawa padre mwaka 1923. Kwa karibu miaka 70 watu wa ziwa walitibiwa na mtu wa Afrika ya Magharibi. Je, Atiman alikuwa mgeni? Kama ni mgeni, basi ni kwa hesabu gani, na ukomo wake ni mwaka wa ngapi? Nasikia watu wakibishana juu ya nani mwenyeji wa Mpanda, na mara nyingi wabishi hao wamefika huko baada ya kufa kwake.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitawala Tanganyika, na katika miaka ya 1920 na 1930 ugonjwa wa malale ulienea katika miombo ya magharibi. Serikali iliamua kuwakusanya watu waliotawanyika na kuwapanga katika makazi makubwa yaliyofyekwa, ili mbung'o wakose vichaka. Watu wa Ukonongo na Ubende waliondolewa katika vijiji vya mababu zao, wakawekwa pamoja na majirani ambao zamani walikaa mbali nao. Nchi kubwa ikabaki bila watu. Sehemu zake zikawa hifadhi za misitu na za wanyama. Eneo la Katavi, ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulihifadhi tangu mwaka 1911, likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na mwaka 1998 likaongezwa likafikia kilomita za mraba 4,471. Jina la Katavi ni la mzimu wa Wabende, ambao yasemekana wakaa katika mkwaju kando ya ziwa dogo lenye jina hilo hilo, na watu walikuwa wakienda kuweka sadaka chini ya mti ule. Basi mkoa mzima leo unaitwa kwa jina la mzimu ambao wenyewe walihamishwa mbali na mti wake.

Hayo yote ni kabla ya mji. Mji wenyewe ni mtoto wa madini. Dhahabu ilipatikana katika eneo hili katika miaka ya 1930, na mwaka 1938 Mbelgiji de la Vallée Poussin aligundua mawe yenye madini ya risasi, yaliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu. Vita ilipokwisha, kampuni ya Uruwira Minerals ilianzisha machimbo makubwa Mukwamba. Madini ya risasi ni mazito, na bila reli hayana faida. Kwa hiyo tawi la reli la kilomita 210 hivi lilijengwa kutoka Kaliua, katika Reli ya Kati, mpaka Mpanda, na lilikuwa tayari mnamo mwaka 1950. Reli ile ndiyo iliyoamua mji ukae wapi. Haikujengwa penye soko la kale wala penye ikulu ya chifu. Ilikoma pale machimbo yalipoitaka ikome, na mji ukaota mwishoni mwa reli kama uyoga mwishoni mwa gogo.

Kwa jinsi kazi ilivyogawanywa, ndivyo na watu walivyogawanywa. Katika Tanganyika ya wakati ule, machimboni kama kwenye reli na bandarini, Wazungu ndio waliokuwa mainjinia na mameneja. Wahindi na Wagoa walikuwa makarani, mafundi na wenye maduka. Waarabu walikuwa na biashara ndogo ndogo. Na Waafrika walifanya kazi ya mikono, isipokuwa wachache waliosoma wakapata ukarani. Mishahara ilifuata rangi, nyumba zilifuata mishahara. Uzunguni, Uhindini na Majengo ni majina yanayokutwa katika miji mingi ya nchi hii, na jina la Majengo lingalipo Mpanda hadi leo. Waafrika waliokuja kufanya kazi walitoka mbali: Wanyamwezi walioshuka na reli, Waha ambao kwa muda mrefu walikuwa wakitembea kutafuta kazi katika mashamba na machimbo, Wafipa kutoka kusini, na watu wa ng'ambo ya ziwa. Wabende na Wakonongo wenyewe walikuwa wachache, na hawakuwa na sababu kubwa ya kuacha asali na mashamba yao ili wakachimbe mawe chini ya ardhi kwa mshahara mdogo.

Hapa nataka nisimame kidogo juu ya hesabu ya watu. Katika hesabu ya mwaka 1957 serikali ya kikoloni iliwahesabu wasio Waafrika kwa orodha yao, na Waafrika kwa orodha nyingine. Asiye Mwafrika alipangwa kwa rangi na taifa: Mzungu, Mhindi, Mgoa, Mwarabu, Msomali, chotara. Mwafrika alipangwa kwa kabila. Fomu ile ilimlazimu kila mtu kuwa kitu kimoja. Mtoto wa Karema ambaye baba yake alikombolewa kutoka Kongo na mama yake ni Mbende aliandikwa nini? Mjukuu wa Atiman aliandikwa nini? Ofisa aliandika alichoambiwa, na aliyesema alisema lililomfaa siku ile. Mwanahistoria anayezitumia takwimu hizo za kabila azitumie kama mtu anayetumia dirisha lenye vumbi: aone umbo la vitu, asihesabu majani ya miti.

Machimbo ya risasi yalifungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Miji mingi ya machimbo hufa madini yanapokwisha. Mpanda ilidhoofika lakini haikufa, kwa kuwa reli ilibaki. Wazungu wa machimbo waliondoka, na wenye maduka wengi wa asili ya Kihindi wakapungua katika miji midogo ya nchi nzima, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 na kutaifishwa kwa majumba mwaka 1971. Walioachwa na machimbo wakawa wakulima, wapasua mbao, wafanya biashara, na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Kijiji kimoja cha wachimbaji chaitwa Dirifu, na kwa sikio langu jina hilo ni herufi D pamoja na neno la Kiingereza la mwamba wenye dhahabu, zilizotiwa vokali zikawa Kiswahili. Mwanaisimu hupata furaha yake mahali pa ajabu.

Baada ya Uhuru nchi hii ya watu wachache ilikuwa na kitu ambacho sehemu nyingine hazikuwa nacho, nacho ni nafasi. Ndiyo sababu serikali ilipopata wakimbizi iliiangalia Mpanda. Mwaka 1964 wakimbizi Wanyarwanda, Watutsi waliokuwa wamekimbilia Kongo na kukuta huko vita nyingine, waliletwa kutoka Goma wakawekwa Mwese, katika nyanda za juu za nchi ya Wabende. Mnamo mwaka 1980 Tanzania iliwapa uraia Wanyarwanda kiasi cha 36,000 waliokuwa katika makazi mbalimbali, na jambo hilo lilipita kwa utulivu mkubwa.

Jambo la Burundi lilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1972, baada ya maasi ya Wahutu, jeshi la Burundi liliwaua Wahutu kwa makumi elfu, na likawatafuta hasa wale waliosoma, mpaka wanafunzi wa shule za sekondari. Wengi walikimbilia Tanzania. Makazi ya Ulyankulu yalifunguliwa Tabora mwaka huo huo wa 1972. Katumba ikafunguliwa mwaka 1973, jirani na mji wa Mpanda. Na mwaka 1978 ikafuata Mishamo, kwa sehemu kubwa kwa kuwahamishia watu waliokuwa wamezidi maji na ardhi ya Ulyankulu. Walipewa mashamba na majembe, wakafyeka miombo ambayo malale ilikuwa imewafukuza wengine. Baada ya miaka michache walikuwa wakijilisha na kuuza mahindi, maharage na muhogo katika soko la Mpanda. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilikabidhi Katumba kwa serikali mwaka 1978, na Mishamo mwaka 1985. Msaada ulikwisha, lakini ukimbizi haukukwisha. Mtu wa makazi hakuweza kutoka bila kibali, na mtoto aliyezaliwa pale alizaliwa mkimbizi.

Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa Mishamo na mjini Kigoma mwaka 1985 na 1986, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1995 kina jambo ambalo kila msomaji wa historia ya mji wa Kiafrika apaswa kulitafakari. Aliona kuwa wale wa makazini, waliofungwa pamoja katika kijiji cha mistari na vibali, walishika sana Uhutu wao, wakasimulia historia ya taifa lao kama wimbo wa pamoja, na wakauona ukimbizi kuwa ni hali safi isiyopasa kuchanganywa na wenyeji. Wale wa mjini Kigoma, ambao walitoka Burundi ile ile katika mwaka ule ule, walioa kwa majirani, wakabadili majina ilipofaa, wakajiita Waha au Waislamu au watu wa Kigoma tu, wala hawakupenda kuulizwa. Kiha na Kirundi husikilizana, kwa hiyo haikuwa kazi ngumu. Damu ni moja, msiba ni mmoja. Kilichowatenganisha ni mahali walipowekwa. Niliposoma hayo nilimkumbuka kijana wangu wa darasani. Alikuwa amezaliwa makazini, lakini jibu alilonipa lilikuwa la mjini.

Mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kuwauliza wakimbizi wa 1972 kama wataka kurudi au kubaki. Watu zaidi ya 50,000 walirudi Burundi. Wengi zaidi, karibu wanne katika kila watano, waliomba uraia wa Tanzania, na mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Sijui nchi nyingine katika Afrika iliyowapa uraia wakimbizi wengi kiasi hicho kwa mara moja. Lakini palikuwa na sharti: wahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine, ndipo wapate hati. Sharti hilo liliwatia watu katika hali isiyo na jina. Walikuwa wamekana uraia wa Burundi, na hati ya Tanzania hawajaipata; waliambiwa wasijenge na wasipande mazao ya kudumu kwa kuwa watahama, na siku ya kuhama haikuja. Mimi naona kuwa wazo la kuwatawanya lilitoka katika hofu ya zamani, kwamba watu wa asili moja wakikaa pamoja watakuwa taifa ndani ya taifa, na waliosoma kitabu cha Malkki wangeweza kusema kuwa aliyewaweka pamoja katika uzio hakuwa mkimbizi. Mwishowe sharti liliachwa, na katika mwezi wa Oktoba 2014 hati zikaanza kugawiwa. Mwaka 2015 watu wa Katumba na Mishamo walipiga kura.

Wakati hayo yakiendelea, mlango mwingine ulikuwa umefunguka upande wa kaskazini. Tangu miaka ya 1970 Wasukuma walianza kushuka na ng'ombe wao kupitia Tabora mpaka Bonde la Rukwa, kwa sababu malisho ya kwao yalikuwa yamejaa watu na pamba. Walikuta nchi ya Wapimbwe ina maji na mbuga nzuri za mpunga, wakakaa, wakafungua mashamba makubwa, wakatajirika kuliko wenyeji. Wapimbwe, ambao mwaka 1974 walikuwa wamekusanywa katika vijiji kwa amri ya serikali, waliona ardhi ikienda. Msukuma humlaumu Mpimbwe kwa uvivu na uchawi. Mpimbwe humlaumu Msukuma kwa kufyeka msitu na kulisha ng'ombe katika shamba la mtu. Lawama za namna hiyo ni za wakulima na wafugaji wa dunia nzima, lakini hapa ziliingia hata katika ulinzi wa kijiji. Sungusungu, jeshi la jadi lililozaliwa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, lilikuja na Wasukuma. Wapimbwe walipojaribu kuunda la kwao, halikushika kama lile la Wasukuma; Brian Paciotti na Monique Borgerhoff Mulder, walioandika juu ya jambo hilo mwaka 2004, walionyesha kuwa Wasukuma walikuwa na desturi ya tangu zamani ya kukutana kwa wingi na kutoa adhabu kwa pamoja, na desturi haiazimwi kama jembe.

Mpanda ilikuwa katika mkoa wa Tabora mpaka mwaka 1974, ulipoundwa mkoa wa Rukwa. Na mwaka 2012 ukazaliwa mkoa wa Katavi, makao yake makuu yakiwa Mpanda. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu 564,604 katika mkoa. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta 1,152,958. Mkoa uliongezeka mara mbili katika miaka kumi, kwa kasi kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na uzazi peke yake hauwezi kuleta ongezeko hilo. Watu wanakuja bado. Kabila zao hatuna, kwa kuwa hesabu ya mwisho iliyouliza kabila katika nchi yetu ni ya mwaka 1967. Wenzangu wa idara ya isimu hulalamika kuwa kwa sababu hiyo hatujui idadi ya wasemaji wa Kibende wala Kipimbwe, na kwamba lugha ndogo zinakufa pasipo kuhesabiwa. Nami nililalamika pamoja nao zamani. Sasa naona kuwa hasara hiyo ni ya kweli, lakini sijui kama ningependa ofisa mwenye fomu agonge mlango Katumba na kuuliza swali nililouliza mimi darasani.

Jambo ambalo hesabu hailisemi, sikio hulisikia. Katika mitaa ya Mpanda, Kashaulili na Nsemulwa, Makanyagio na Mpanda Hoteli, lugha ya mji ni Kiswahili, nacho si cha kujifunza shuleni tu. Ni lugha ya kwanza ya watoto wengi, kwa sababu baba na mama hawana nyingine ya pamoja. Kibende na Kikonongo vimebaki zaidi vijijini na vinywani mwa wazee. Kisukuma kina nguvu popote penye mpunga na ng'ombe. Na Kirundi, ambacho kilikuwa kikisemwa kwa kunong'ona penye afisa, sasa husemwa sokoni kwa sauti.

Sheria ya uraia ya mwaka 1995 inatambua raia wa namna tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi, na wa tajnisi. Neno hili la mwisho ni la Kiarabu, na shina lake ni lile lile la jinsi na jinsia, yaani namna ya kitu. Kumtajnisi mtu ni kumfanya awe wa namna yenu. Wazee wa Katumba waliopokea hati zao mwaka 2014 ni raia wa tajnisi, na ndivyo watakavyoandikwa mpaka wafe. Wajukuu wao waliozaliwa baada ya hapo hawahitaji neno hilo. Ni raia wa kuzaliwa, na mahali pa kuzaliwa katika vyeti vyao pameandikwa Katavi.